Tahadhari kwa wenye kompyuta Morogoro: nimelipia mazabodi ambayo haikubadilishwa

Ndugu zangu na marafiki, naandika haya nikiwa na hasira iliyonikaa kifuani tangu Jumatatu, na nikiwa na aibu pia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikisimama katika kila kikao kuwaonya akina mama wa kikundi chetu cha akiba wasijibu zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Meseji hizo sijawahi kuzijibu hata mara moja. Lakini fundi mmoja wa kompyuta hapa mjini Morogoro, kijana mwenye adabu na maneno matamu, amenichukulia shilingi 335,000 ana kwa ana, mchana kweupe, huku mimi nikimshukuru na kumwagizia soda. Jina lake na la duka lake siliandiki hapa kwa sababu shauri tayari liko polisi.

Kompyuta yenyewe mnaijua. Hesabu zote za kikundi zimo humo, ndiyo maana sikuweza kuiacha na kasoro hata kwa siku mbili.

Tarehe 14 Oktoba 2025, sikukuu ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ndiyo siku ambayo Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10, mfumo uliokuwa ukiendesha kompyuta yangu, kwa utaratibu wa kawaida. Kwa wiki kadhaa kabla ya hapo kompyuta ilikuwa ikinionyesha tangazo lililojaa kioo kizima kuhusu siku hiyo, na mimi ninayetunza fedha za watu wengine niliingiwa na hofu. Alhamisi ya tarehe 16 nikampelekea fundi huyo. Alinipokea kwa "Shikamoo, Mama", akanivutia kiti, akafuta kibodi kwa pamba yenye spiriti kabla hata sijaeleza shida yangu. Akasema kompyuta isiyo na Windows 11 sasa ni sawa na nyumba isiyo na mlango, kwamba kazi ya kupandisha toleo ni shilingi 60,000, na kwamba leseni mpya inauzwa 45,000.

Mtaniuliza kwa nini nilimwamini. Nilimwamini kwa sababu ndiye aliyeitengeneza printa ya jirani yangu mwalimu, na ile printa inafanya kazi mpaka leo. Nilimwamini kwa sababu duka lake lina mlango wa kioo na cheti kilichotiwa fremu ukutani, na kwa sababu alikataa kupokea hata shilingi kabla ya kumaliza, akisema, "Mama, utalipa ukiridhika." Mtu anayekwambia hivyo unamdhaniaje mwizi? Jioni ileile nikaichukua ikiwa na sura mpya ya kupendeza, nikalipa 105,000 kwa simu, na jina lililotokea lilikuwa la mwanamke nisiyemjua. Nilipomuuliza, akasema ni mke wake. Nikakubali.

Usiku huo, yapata saa nane, niliamka nikasikia mvumo kabatini. Nilikuwa nimeizima kompyuta saa nne, nikaona kioo kimekuwa cheusi, nikaifunga, nikaitia katika begi lake na kuiweka katikati ya vitenge. Nilipolifungua begi, joto lilinipiga usoni. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu na kile kitaa kidogo cha pembeni kilikuwa kinawaka vilevile, kioo kikiwa giza tupu. Nikaiwasha kisha nikaizima tena kwa utaratibu, ikafanya yaleyale: kioo kinazimika, chombo hakilali. Ilinibidi nibonyeze kitufe cha kuwashia na kukishikilia mpaka ikakata. Kwa siku tatu mfululizo ikawa hivyo, na kila nilipojisahau usiku, asubuhi niliikuta betri imekauka kabisa.

Jumatatu ya tarehe 20 nikarudi dukani. Hakushangaa. Aliisikiliza kama daktari anavyomsikiliza mtoto kifua, akatikisa kichwa, akasema mfumo mpya umeibebesha kompyuta mzigo mkubwa na kwamba sehemu ya umeme kwenye mazabodi, kile kibao kikuu cha ndani, imeungua, ndiyo maana umeme haukatiki. Bei ya mazabodi pamoja na kazi ilikuwa 230,000. Niliomba kupunguziwa, akakataa kwa upole. Ijumaa ya tarehe 24 nikaenda kuichukua, na hapo ndipo nilipodanganywa kwa namna ambayo mpaka sasa nikifumba macho naiona.

Kwanza alitoa mfuko wa nailoni chini ya meza na kuniwekea mkononi kibao cha kijani chenye doa jeusi ukubwa wa kucha. "Hii ndiyo ya kwako, Mama, inuse." Nikainusa, na kweli ilikuwa na harufu ya kuungua. Nilisikitika kama vile nimeonyeshwa kiungo cha mgonjwa wangu. Nikataka kuondoka nacho, akasema hapana, vibao vibovu huvirudisha kwa aliyemuuzia kipya.

Kisha akanisogezea kompyuta, akaiwasha, akaniambia niangalie kwa makini ili baadaye nisiseme sikuona. Akapeleka mshale mpaka kwenye neno la kuzima, akabonyeza. Wakati huohuo akaniuliza kikundi chetu kina wanachama wangapi na kama tunapokea wageni, kwa sababu mke wake anatafuta pa kuweka akiba. Nikaanza kumjibu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeishika kompyuta kwenye kona ya juu ya kibodi, vidole vinne vikiwa chini na kidole gumba kikiwa kimelala juu, kama mtu anayeizuia isiteleze mezani. Kioo kikazimika, na baada ya muda mfupi kile kitaa kikazimika na feni ikanyamaza. Akaondoa mkono, akasema, "Umeona mwenyewe." Nikasema nimeona. Kidole gumba kile kilikuwa juu ya kitufe cha kuwashia, na alikuwa amekishikilia muda wote niliokuwa nikimweleza habari za kikundi, kama nilivyokuwa nikifanya mimi nyumbani usiku. Nilikitazama kidole hicho kwa macho yangu mawili na sikukielewa. Nikalipa 230,000 kwa namba ileile ya yule mwanamke, nikamwita kijana wa vinywaji, nikamnunulia fundi soda.

Jioni hiyohiyo feni ikavuma tena. Nilipompigia simu alicheka kwa upole na kuniambia mazabodi mpya lazima izoeane na mfumo, niipe wiki mbili, nisiruhusu mtu mwingine yeyote aifungue kwa sababu dhamana itakufa. Nikangoja. Mwanamke mzima wa miaka hamsini na mbili nikawa nalala na kompyuta kando ya mto ili niisikie.

Jumamosi ya tarehe 8 Novemba mpwa wangu, yule anayesomea kompyuta chuoni, akaja kusalimia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Shangazi, uliiona ikifunguliwa?" Sikuwa nimeiona. Akageuza kompyuta, akatoa mfuniko wa chini, na tukachungulia pamoja. Mazabodi ilikuwa imefunikwa na vumbi la kijivu lililoshikana kama kitambaa, limeingia mpaka kwenye mifereji ya vichwa vya skrubu zinazoikaza. Skrubu hizo hazikuwa zimeguswa na bisibisi kwa miaka. Kisha akaniingiza katika ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla Windows haijaanza, ambako namba ya utambulisho huhifadhiwa ndani ya mazabodi yenyewe, tukailinganisha na namba niliyoiandika katika daftari la mali za kikundi mwaka 2019. Ni ileile, herufi kwa herufi. Kibao nilichonusishwa kilikuwa cha kompyuta ya mtu mwingine, na pengine huyo naye alishauziwa hadithi yake.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu, na naueleza kwa sababu kuna wenzangu watakaoambiwa maneno yaleyale. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kipengele kinachoitwa Fast Startup. Ukibonyeza kuzima, Windows haijifungi yote. Huwatoa watumiaji, kisha huihifadhi sehemu ya ndani ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake upesi. Sasa mfumo ukipandishwa toleo, draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa vya ndani, mara nyingi hubadilishwa pia, na draiva isiyolingana na umri wa kompyuta inaweza kuizuia isikamilishe hatua ya mwisho ya kukata umeme. Kioo hufa, ndani kunabaki hai. Mpwa wangu alianza kwa kushikilia kitufe cha Shift huku akibonyeza kuzima, jambo linaloilazimisha Windows ijifunge kikamilifu bila njia ya mkato, na ikalala kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, ingawa kwa kusitasita. Akaingia kwenye Control Panel, upande wa mipangilio ya umeme, akaondoa alama kwenye Fast Startup. Kisha akaitoa draiva ya Intel Management Engine Interface iliyowekwa wakati wa kupandisha toleo, akaweka ya zamani zaidi aliyoipakua kwenye tovuti ya watengenezaji wa kompyuta hiyohiyo, bila malipo yoyote. Kazi yote haikuzidi nusu saa. Tangu siku hiyo inazimika kila ninapoizima.

Lililoniumiza zaidi ni lile alilonieleza wakati tunakunywa chai. Kwanza, kwa kompyuta inayostahili na yenye Windows 10 halali, kupanda kwenda Windows 11 ni bure. Hakuna leseni ya 45,000. Pili, kompyuta yangu haikustahili, kwa kuwa prosesa yake, ule ubongo wa kompyuta, ni ya Intel ya kizazi cha nne, ilhali Windows 11 kwa prosesa za Intel inahitaji kwa kawaida kuanzia kizazi cha nane, pamoja na kifaa cha usalama cha TPM 2.0 ambacho yangu haina. Fundi aliupita ukaguzi huo kwa mlango wa nyuma bila kuniambia. Tatu, ningeweza kubaki na Windows 10 na kujiandikisha katika mpango wa masasisho ya usalama ya nyongeza, ambao kwa watu binafsi unakwenda hadi 13 Oktoba 2026. Na nne, baada ya kupandisha toleo mtu hupewa siku 10 za kubadili mawazo na kuurudisha mfumo wa zamani kwa kubonyeza tu. Siku zangu 10 ziliisha tarehe 26 Oktoba, nikiwa nimekaa nangoja mazabodi izoee. Zile wiki mbili alizonipa zilinifungia mlango huo, na siamini hata kidogo kwamba hakujua.

Jumatatu nilikwenda dukani. Mbele ya wateja wawili aliniambia kwamba mazabodi niliyokutwa nayo huenda mpwa wangu ndiye aliyeibadilisha, na kwamba dhamana imekufa kwa sababu kompyuta imefunguliwa. Hakuniita Mama tena.

Nataka mtu huyu ashtakiwe. Kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinazungumzia kujipatia mali kwa udanganyifu, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka saba. Sitaki kusikia habari ya kusuluhishana chini ya mwembe. Nataka arudishe kila shilingi, duka lifungwe, na kile cheti kishushwe ukutani. Pale nyuma ya meza yake niliona kompyuta zisizopungua kumi zikiwa zimepangwa, kila moja na karatasi yenye jina la mwenyewe, wengi wao bila shaka ni wanafunzi na akina mama kama mimi. RB, ile namba ya kumbukumbu ya shauri polisi, nimeshapewa, na barua kwa Tume ya Ushindani naiandika wiki hii, kwa sababu kumuuzia mlaji kitu ambacho hakikuwekwa si ugomvi wa watu wawili.

Dalili zilikuwepo na sasa naziona. Hakunipa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hata mara moja, alinichania karatasi ya daftari. Fedha zilikwenda kwa jina lisilo lake. Alikataa nisione kazi ikifanyika, akakataa nisiondoke na kibao kibovu ambacho kama kilikuwa changu ni mali yangu. Fundi asimzimie mtu kompyuta, mwenye kompyuta aizime kwa mkono wake mwenyewe, aiweke mezani, asubiri feni inyamaze kabla ya kulipa. Namba ya utambulisho ipigeni picha kabla ya kumwachia fundi yeyote. Nisingepoteza laki tatu na zaidi kama ningelifanya hilo moja tu. Na bado nasema: hata kama sikufanya, hakuna aliyempa ruhusa ya kuniibia.

Yeyote aliyetengenezewa kompyuta na mtu huyu, na mnaomjua mnajua ninayemzungumzia, aje Jumatatu ijayo saa nne asubuhi kituo kikuu cha polisi akiwa na kompyuta yake na meseji za malipo. Mimi nitakuwapo na RB yangu. Mfuniko wa chini wa kompyuta nitakuwa nimeulegeza, na vumbi lile sijalifuta.