Uzoefu wangu: nilipeleka pikipiki DT ya marehemu baba kurekebishwa kabureta, ikarudi imeharibika zaidi

Hii kitu nimeikalia wiki kadhaa nikisema ngoja nitulie kwanza, lakini kila nikipiga kiki asubuhi hasira inarudi upya kwahiyo bora niandike.

Nna Yamaha DT 175 ya miaka ya 80, aliiacha baba. Alikuwa bwana shamba Njombe, na hiyo pikipiki imepanda vilima vya kule miaka na miaka, kabureta yake ya Mikuni (kile kidude kinachochanganya petroli na hewa) alikuwa anaifungua mwenyewe uani, anaiosha kwenye beseni la petroli, sisi watoto tunamshikia tochi. Nimeishusha Dar mwaka jana. Ikaanza kusumbua: sailensi, yani mlio wa injini ukiwa hujavuta mafuta, inapanda yenyewe, ukiachia mafuta injini inaendelea kulia juu sekunde tano sita ndo inashuka, halafu plagi ukiichomoa ni nyeupe kama chaki. Anayezijua injini za tu-stroki anajua hapo hewa imezidi petroli, na ukilazimisha kutembea hivyo silinda inachemka mpaka pistoni inanasa. Na pistoni ya DT ya zamani ukaitafute wapi jamani.

Nikaelekezwa gereji moja huku kwetu, siitaji, wanasifiwa sana. Ilikuwa mwezi wa tatu au wa nne hivi, mvua zishaanza. Nimefika nimesimamisha tu, fundi mkuu ananiangalia, "Dada, mwambie mwenye pikipiki aje mwenyewe tuongee."

Nikamwambia mwenyewe ndo mimi. Akawageukia wenzake wakacheka.

Nikameza. Nikaanza kumweleza dalili, nikamwambia na kwamba imetoka Njombe karibu mita 2,000 juu, baba alishaipunguzia petroli kwa sababu kule hewa ni nyepesi, huku pwani hewa nzito so lazima iongezwe. Sikumaliza. "Dada we kaa pale kwenye benchi, hiyo ni skrubu tu."

Skrubu tu! Injini ya baridi, choki imevutwa, kachukua bisibisi anafungua ile skrubu ya pembeni huku anavuta mafuta. Hakuna anayeseti kabureta injini haijapata moto, hata baba ambaye hakusomea ufundi alikuwa anazunguka kwanza mtaani ndo anaishika. Na kibaya zaidi, kwenye hii Mikuni skrubu iko upande wa filta, yani inapima hewa, ukiifungua unaongeza hewa. Zile ambazo skrubu iko upande wa injini ndo zinapima petroli, ukifungua inaongezeka. Yeye alikuwa anafungua akidhani anaongeza petroli na pikipiki inazidi kulia vibaya. Nilipomwambia akaifunga yote kwa nguvu, kwa hasira, mpaka mwisho, nayo ncha yake ni nyembamba kabisa kama sindano, ikifika mwisho ukakaza inaharibika.

Halafu akatoa jeti ndogo, kile kimrija cha ndani kinachopitisha petroli, akachomoa uzi mmoja kwenye waya wa breki, akachokonoa. Hapo nilisimama. Jeti ni shaba laini, tundu lake hata milimita haifiki, ukichokonoa na chuma unalitanua na haliwezi kurudi tena. Baba alikuwa anapuliza tu kwa mdomo.

Mwisho akanirudishia haiwaki kabisa, akasema hiki chuma chakavu, uza kwa kilo ununue Boxer. Na sh 45,000 yake akachukua. Chuma chakavu, hiyo pikipiki ndo imenisomesha mimi.

Sasa nasukuma natoka, kuna dogo mmoja wa pale pale, mwanafunzi wao, akanifuata mpaka barabarani. "Dada samahani, naomba niangalie kitu." Tukaisukuma tukaingiza gia ikawaka kwa shida, akachukua chupa ya maji akaitoboa kifuniko, akawa anamwagia kidogo kidogo ule mpira unaounganisha kabureta na injini. Maji yalipofika upande wa chini mlio ukabadilika hapo hapo. Mpira umepasuka, ufa hauonekani mpaka uufungue uukunje. Hewa inaingilia pale, haipiti hata kwenye kabureta, so skrubu ungeizungusha mpaka kesho.

Mpira nimepata Kariakoo sh 28,000, jeti na skrubu nikatoa kwenye kabureta mbovu ya mtumba. Nimefunga mwenyewe nyumbani, klipu ya ile sindano ya ndani ya kabureta inayopima petroli nikaishusha ngazi moja ili sindano ipande petroli iongezeke, nikazunguka nayo dakika kumi, skrubu nikaifunga taratibu mpaka iguse, nikairudisha mzunguko mmoja na nusu, baada ya hapo ni masikio tu, robo huku robo kule. Imetulia. Plagi sa hivi ina rangi ya kahawa.

Kusema ukweli kwa tairi na cheni wale watu wako vizuri, jirani yangu anapeleka bodaboda yake kila wiki na hana shida, kwahiyo sio kwamba gereji nzima ni mbovu, kabureta za zamani tu ndo usiwape. Nilitaka niishie hapo. Ila juzi nilipita kuomba hata nusu ya hela yangu, nikamwonyesha jeti aliyoitanua, akaniambia "si inawaka? sasa unataka nini?" Mbele ya wateja. Hapana, hata tairi msipeleke, hata upepo wa bure msijaze pale.

Dogo simtaji wasije wakamfukuza. Nilimpa elfu kumi akakataa mara mbili ndo akapokea. Kama unasoma hii mdogo wangu, siku ukifungua kijiwe chako niambie, DT naileta kwako.