Programu ya duka: toleo la 5 limekuja, robo kilo bado haihesabiki

Nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, Tanga, na programu hii ya kuendeshea duka kwa simu huu ni mwaka wa tatu naitumia. Kwa mwezi nalipa shilingi 25,000. Nimeipa nyota mbili, na imezistahili: inafanya kazi hata mtandao ukikatika, Kiswahili chake kinaeleweka, risiti inatoka bila kusumbua.

Nyota tatu zimekwenda na misumari.

Misumari inaniingia kwa katoni ya kilo 25, lakini mteja wangu anataka robo, nusu, mara chache kilo nzima. Programu hii haijui kilo iliyokatwa. Ukiandika robo, pesa inaingia sawasawa, ila stoo haipungui kitu. Ukiandika nusu, inatoa kilo nzima. Kuna siku hadi adhuhuri niliuza robo tisa za inchi tatu, yaani kilo mbili na robo, na hesabu ya stoo ikabaki vilevile kama vile sijafungua duka.

Kabla sijalijua hilo nilimtilia shaka kijana anayenisaidia. Simu inasema zimebaki kilo 11, katoni ni tupu. Nilimhoji mbele ya wateja. Alinyamaza. Kesho yake asubuhi akaniambia, "Mama, hebu uza robo moja sasa hivi, tuangalie wote." Tukaangalia. Nilimwomba radhi, na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Nilipiga simu kwa wenye programu. Dada aliyepokea alinisikiliza vizuri, akaandika, akasema litarekebishwa toleo lijalo. Wakati huo tulikuwa toleo la 3. La 4 likaja na rangi mpya na sehemu ya kuweka picha za bidhaa. La 5, la mwezi uliopita, limeleta ripoti ya faida, na hapo ndipo kasoro ndogo imezaa kubwa. Ripoti inachukua mauzo, inatoa gharama ya mali iliyotoka stoo. Robo haikutoa kitu stoo, kwa hiyo gharama yake ni sifuri, na pesa yote ya mteja inahesabiwa faida. Sasa misumari ya inchi tatu imekaa juu kabisa, imeyapita mabati na saruji! Mtu asiyejua ataifuata ripoti hiyo, achukue mtaji wa mabati akaujaze kwenye misumari. Ninaogopa kwa ajili ya wenye maduka wenzangu ambao hawajagundua.

Mafundi rangi wa hapa kwetu wanalijua hili vizuri. Ukuta unaotoa chumvi, kama zilivyo nyumba nyingi za karibu na bahari, kwanza unabandua lipu mbovu, ndipo upake. Ukipaka juu kwa juu, rangi ya bei yoyote itabanduka, na utainunua mara ya pili.

Siombi lisilowezekana. Mwanangu anayesoma kompyuta amenieleza kwamba mwaka 2009 Apple walitoa Mac OS X Snow Leopard, toleo la mfumo unaoendesha kompyuta zao, na jukwaani wakatamka wazi kuwa hawaleti vipengele vipya. Nguvu yao waliielekeza kuimarisha kilichokuwepo. Waliokuwa na toleo la kabla yake waliuziwa kwa dola 29. Mimi nami ningelipia. Wakinipa toleo lenye jambo moja tu, kwamba robo ni robo, mwezi huo nitalipa 40,000 bila kuuliza.

Kwa sasa misumari naiandika kwenye daftari, kijana anaandika na mimi nahakiki jioni kwa mizani. Mabati, saruji na rangi vinabaki kwenye simu kwa sababu haviuzwi kwa robo. Toleo la 6 likija, swali langu la kwanza kwa yule dada litakuwa la misumari, na nisiporidhika na jibu sitalipakua.