Fenda ya plastiki ikigusa tairi: ukate au uikunje kwa joto?

Tairi zilizoongezwa ukubwa kwa ajili ya matope ya Mau Narok hugusa fenda pale usukani unapokatwa hadi mwisho. Kabla ya lolote, pandisha gurudumu moja juu ya tofali, zungusha usukani pande zote, na utie chaki panapogusa.

Kama fenda inahitaji kusogea sentimita moja au pungufu, joto linatosha. Soma alama ya aina ya plastiki nyuma yake: ABS hulainika karibu na nyuzi 105, PP huyeyuka karibu na 160. Shika hitigani (bunduki ya hewa moto) sentimita 10 hivi kutoka kwenye fenda, uitembeze bila kusimama, kisha sukuma kwa kipande cha mbao na ushikilie mpaka ipoe. Ukiiachilia ingali moto, inarudi ilikotoka. Hasara yake: plastiki nyeusi yenye vipele hubaki na doa linalong'aa, na doa hilo halifutiki.

Zaidi ya hapo, kata tu. Fungua fenda kwanza. Nyuma huenda kuna waya za indiketa. Bandika tepu, chora mstari, toboa shimo la milimita 6 kwenye kila kona ili ufa usiendelee, ndipo upitishe msumeno wa mkono. Grinda ina haraka, lakini huyeyusha ukingo ukajikunja. Malizia kwa msasa namba 80, halafu 180.

Ukishakata, matope yatafika mlangoni. Ongeza madflapu, vile vipande vya mpira vya kuzuia matope nyuma ya tairi.