Mifuko ya keria kwa safari ndefu ya wawili: tazama kulabu kwanza

Malalamiko ninayoletewa kuhusu mifuko ya baiskeli yanafanana mno, siku hizi naweza kuyamalizia mwenyewe. Mtu amenunua mfuko mkubwa, mzuri, usioingiza maji, akaondoka na rafiki yake kwa safari ya wiki kadhaa. Kwenye lami mambo yakaenda vizuri. Ilipoanza changarawe, mfuko ukaanza kugonga, kisha kulabu moja ikachomoka na mzigo ukajitupa kwenye spoki. Ukimwuliza alichagua kwa kigezo gani, anakutajia lita. Halafu rangi.

Kwa hiyo humu sitabishana kuhusu lita, wala kuhesabu vifuko vya nje. Hayo yako kwenye kila lebo na hayahitaji mtu wa kukusomea. Nataka tukae kwenye kulabu: zile mbili za juu zinazoning'inia kwenye bomba la keria, na ile ya chini inayozuia mfuko usipepee pembeni.

Keria hazina bomba la unene mmoja. Keria nyepesi zina bomba la milimita 8. Keria za safari, kama zile za chuma za kampuni ya Tubus, kwa kawaida ni 10. Zipo za 12, na zile nene hufika 16. Mtengenezaji wa mfuko hajui wewe una ipi, basi anatengeneza kulabu yenye mdomo mpana unaoweza kumeza bomba lolote. Bomba la milimita 10 ndani ya mdomo wa 16 linabakiza nafasi ya milimita 6. Dukani hiyo inaitwa "inaingia keria zote". Barabarani maana yake ni kwamba mfuko wenye kilo nane za nguo, zana na maji unaruka na kutua kwenye kila jiwe, kutwa nzima. Vumbi likishaingia katikati, kulabu inafanya kazi kama tupa. Rangi ya keria hutoka kwanza, kutu ikafuata. Keria ya alumini huchimbika mfereji, na pale penye mfereji ndipo inapokuja kukatikia. Wakati huo mfuko wenyewe unaweza kuwa mzima, hauna hata tobo.

Pima bomba lako kabla hujatoa pesa. Huna kipimo maalumu? Zungushia ukanda mwembamba wa karatasi, weka alama karatasi inapokutana, ukunjue, upime kwa rula. Ukipata takriban milimita 25, bomba ni la 8. Ukipata 31, ni la 10. Ikiwa 38, ni la 12, na 50 ni la 16. Kazi ya dakika moja, na hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia niifanye.

Kulabu ya kununua ni ile inayoweza kubanwa ilingane na bomba hilo, kwa vipande vidogo vya kujazia nafasi inayobaki mdomoni mwake au kwa kifungio kinachokaza chenyewe. Iwe pia imefungwa kwa skrubu. Iliyopigwa ribiti ikivunjika, umepoteza mfuko mzima. Tena iweze kusogezwa mbele na nyuma kwenye reli yake iliyo mgongoni mwa mfuko, kwa sababu ya visigino. Mwenye mguu mkubwa kwenye baiskeli yenye fremu fupi atapiga mfuko teke kila pedali inaporudi nyuma. Dawa ni kuzisogeza kulabu kuelekea upande wa mbele wa mfuko, ili mfuko wenyewe urudi nyuma kidogo. Kidogo tu, maana uzito ukivuka sana ekseli ya nyuma, usukani unakuwa mwepesi na baiskeli inaanza kuyumba kwenye miteremko.

Mkiwa wawili hesabu inabadilika, na hapa ndipo miongozo mingi inaponichosha, maana imeandikwa kana kwamba kila mtu anasafiri peke yake. Wawili hubeba hema moja, jiko moja, seti moja ya zana. Mzigo unahama. Leo tumbo linamsumbua mmoja, mwenzake anachukua mfuko wake mmoja. Kesho keria ya huyu inapasuka kwenye kiungo, mizigo yote mizito inahamia kwa yule. Haya yanawezekana iwapo tu kulabu zako zinashika keria ya rafiki yako sawasawa na zinavyoshika yako. Wenye mfumo mmoja wanabeba kulabu moja ya akiba na ufunguo mmoja. Wenye mifumo miwili wanabeba vyote mara mbili, au hawabebi kabisa na kuomba Mungu. Mimi naona afadhali wote wawili wawe na mifuko ya kawaida ya aina moja kuliko mmoja awe na bora kabisa na mwingine na kitu kisichoelewana nayo. Na kama keria bado hamjanunua, chukueni zenye bomba la unene uleule. Rafiki akitaka kuonyesha uhuru wake, achague rangi.

Nafasi ya kwanza naipa Ortlieb Back-Roller, na upendeleo huu siufichi. Hartmut Ortlieb alikuwa akiendesha baiskeli Uingereza kwenye mvua, akaona malori yanapita na mizigo mikavu chini ya maturubai, akaenda kushona mfuko wa turubai la lori. Kampuni yake ya Ujerumani ilianza mwaka 1982 na wazo hilo halijabadilika sana: turubai lililounganishwa kwa joto, na mdomo unaokunjwa badala ya zipu. Jozi ya Back-Roller Classic ina lita 40, basi, sitarudi tena kwenye lita. Ninachokipenda ni mfumo wao wa kulabu uitwao QL2.1. Ukivuta mkono wa kubebea, kulabu zote mbili zinafunguka, ukiachia, zinajifunga. Zinasogea kwenye reli, zinafungwa kwa skrubu, zinauzwa kama vipuri, na zina vipande vya kujazia kwa mabomba ya 8, 10 na 12. Vipande hivyo unavitia wewe mwenyewe. Watu wengi wanaonilalamikia kwamba "hata Ortlieb inagonga" wanavyo bado ndani ya kipakiti chake, nyumbani, kwenye droo.

Kasoro zake nazijua. Ndani ni shimo moja kubwa, soksi utaitafuta mpaka chini. Na kwa kuwa hewa haitoki, nguo mbichi ya asubuhi inakuwa na harufu jioni. Halafu kuna jambo la kuangalia: baadhi ya mifuko yao hutumia mfumo wa QL3.1, ambao reli yake inafungwa kwenye keria na mgongo wa mfuko unabaki laini. Kwa kwenda kazini ni raha. Kwa safari ya wawili siupendekezi, kwa sababu mfuko huo hauna pa kushika kwenye keria ya mwenzako isiyo na reli hiyo.

Ya pili ni Arkel, ya Kanada. Kulabu zao ni za alumini na zina kifungio cha kuzungusha kinachobana bomba, hivyo mfuko ukishakaa umekaa. Kwa kulabu peke yake ningeweza hata kuwapa nafasi ya kwanza, lakini mifuko yao mingi ina zipu, na zipu kwenye njia za vumbi ndiyo hufa mapema. Baadhi ni ya nailoni inayohitaji kuvishwa koti la mvua, na hilo koti ni kitu kingine cha kusahau. Anayependa vifuko vingi na mpangilio ataielewa haraka kuliko mimi.

Vaude Aqua Back ya tatu. Ni ya Ujerumani pia, imekaa kwa umbo linalofanana na Ortlieb, kitambaa chake hakina plastiki ya PVC, na kulabu zinasogea. Mkinunua wote wawili Vaude, sina neno. Mmoja akiwa na Vaude na mwingine Ortlieb, vipuri havibadilishani, na tumerudi kulekule.

Carradice ya Uingereza, wanaoshona mifuko tangu miaka ya 1930, naiweka ya nne kwa moyo mzito. Turubai lao ni la pamba: likilowa nyuzi zinavimba na kuziba vitundu vyenyewe, na likipasuka unalishona kwa sindano ya kawaida popote ulipo. Ila ikilowa ni nzito, na kamba zile za buckle asubuhi ya baridi, vidole vimekufa ganzi, zinakatisha tamaa.

Za bei rahisi? Ile mifuko pacha inayolazwa juu ya keria na kufungwa kwa vibandiko ni ya kwenda sokoni na kurudi. Zenye kulabu za ribiti ziepuke. Kama fedha ndiyo hiyo, ndoo mbili za plastiki za pembe nne zenye vifuniko, zikafungwa kulabu nzuri kwa bolti, zitawashinda nusu ya washindani wao dukani.

Sasa wauzaji. Picha inaonyesha mifuko miwili, maelezo yanataja lita za miwili, na kwenye boksi unakuta mmoja. Ukirudi kununua wa pili, toleo limebadilika na kulabu si zile. Wengine wanafungua pakiti kuonyesha wateja, vipande vya kujazia vinapotea, na mfuko unauzwa hivyohivyo kwa bei kamili. Wapo wanaoandika "haipitishi maji" kwenye mfuko wenye mshono wa sindano na zipu ya kawaida, ambao utastahimili manyunyu na si zaidi. Kinachoniudhi kuliko vyote ni kuomba kulabu moja ya akiba na kujibiwa kwamba haiuzwi peke yake, nichukue mfuko mpya. Mfuko mzima, kwa sababu ya kipande cha plastiki kinachotosha kiganjani! Na hata hao ninaowasifia, bei wanayotoza kwa kipande hicho kikipatikana inanifanya niguse pochi mara mbili.

Ukienda kununua, nenda na baiskeli, au angalau na keria, na mwende wote wawili. Tia kitu kizito ndani ya mfuko, uuning'inize, ushike chini na uutikise kwa nguvu kuelekea juu na pembeni, kwenye keria yako kisha kwenye ya mwenzako. Sikiliza. Ukigonga kwenye moja kati ya hizo mbili, mwombe muuzaji vipande vya kujazia kabla ya kulipa, maana ukishalipa hutaviona.