Mashine ya TENS kwa mgongo wenye maumivu na ganzi: uzoefu wangu

Nianze na hukumu yangu. Mashine hii, inayopitisha umeme mdogo kwenye ngozi kupitia vibandiko, hupunguza maumivu ikiwa imewashwa, na pengine kwa muda kidogo baada ya kuzimwa. Ganzi haigusi. Anayeinunua akitarajia irudishe hisia mahali palipokufa ganzi pesa yake itapotea.

Ninayotumia ina nyaya mbili, kila moja na ncha mbili, vibandiko vinne vya sentimita 5 kwa 5, na betri ya volti 9. Vya kurekebisha ni vitatu tu: idadi ya mapigo kwa sekunde, upana wa kila pigo, na nguvu. Zile zinazojisifu kuwa na programu 20 au 30 huchanganya vitu hivyo hivyo vitatu, na nyingine hazikuonyeshi hata namba.

Kwa mgongo naiweka kwenye mapigo 80 hadi 100 kwa sekunde, upana mikrosekunde 150 hadi 200, kisha napandisha nguvu polepole mpaka mtetemo uwe mkali ila usiumize. Msuli ukianza kurukaruka, nguvu imezidi. Nusu saa hadi saa moja inatosha. Baada ya dakika kumi hivi mwili huzoea na mtetemo huonekana kufifia. Ongeza kidogo, au tumia mpangilio unaobadilisha mapigo wenyewe. Wengi wanaosema haifanyi kazi huiacha kwenye mnyeo hafifu tangu mwanzo hadi mwisho.

Vibandiko hukaa pande zote mbili za uti wa mgongo, juu ya nyama, si juu ya mfupa. Viachane angalau sentimita 3. Vikikaribiana mno, umeme hupita juu juu ya ngozi na kuchoma bila kufika ndani.

Sasa ganzi, ambayo vijitabu vya maelekezo huipitia kwa mstari mmoja. Usibandike juu ya ngozi isiyohisi. Hapo utaendelea kupandisha nguvu kwa kuwa husikii kitu, na kibandiko kikibanduka ukingoni umeme wote hujikusanya kwenye sehemu ndogo iliyobaki na kuunguza ngozi bila wewe kujua. Mtu mwingine apitishe pamba, kisha ncha ya kijiti cha meno, kutoka kwenye ngozi yenye hisia kuelekea kwenye ganzi, na achore kwa kalamu pale hisia inapobadilika. Vibandiko vikae nje ya mstari huo, kimoja juu na kingine chini. Mpaka huo wa ganzi ukipanuka wiki hadi wiki, mwonyeshe daktari mchoro huo. Una maana kwake kuliko kumwambia tu “mgongo una ganzi”. Ganzi ikishuka sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo ukiziba au kuvuja, au miguu ikilegea, achana na mashine: ni hospitali siku hiyo hiyo. Na maumivu mapya ya kuunguza upande mmoja yanaweza kuwa mkanda wa jeshi kabla malengelenge hayajatoka, kwa hiyo angalia ngozi kila siku.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiitumie bila idhini ya daktari wake wa moyo. Mjamzito aulize kwanza. Usilale nayo, usiendeshe gari nayo, usiingie nayo bafuni.

Mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unashauri mashine hii isitolewe kutibu maumivu ya kiuno, kwa hiyo usiiamini tu, ijaribu kwa kipimo. Andika maumivu kwa alama 0 hadi 10 kabla, wakati wa matumizi na saa moja baadaye, kwa wiki mbili. Yasiposhuka angalau alama mbili, irudishe.

Gharama halisi iko kwenye vibandiko. Osha ngozi kwa sabuni, kausha, usipake mafuta wala losheni. Gundi ikikauka, tone la maji huifufua mara chache. Kikianza kuchoma ukingoni, badilisha jozi nzima. Zima kabla ya kubandua, na ubandue kwa kushika ukingo. Ukivuta waya, hukatikia ndani karibu na plagi: taa ya mashine inaendelea kuwaka, lakini kwenye ngozi hakuna kinachofika.