Miaka miwili na PS4 Slim ya mtumba hapa Kigoma

Shemeji yangu aliipakata kwenye treni kutoka Dar mpaka huku mwisho wa reli, akakataa katakata isikae na mizigo. PS4 Slim ya mtumba, mashine ya Sony ya kuchezea magemu kwenye televisheni, GB 500, pedi moja ya kuchezea na diski moja ya gemu la mpira, shilingi 550,000. Tangu siku ile ipo sebuleni kwetu Mwanga, na naandika kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza: nichukue hii, au nijibane nipate PS5, mdogo wake mpya?

Kwa huku kwetu, chukua hii. Sababu kubwa ni diski.

Bando ni ghali. Gemu kubwa la siku hizi linakula GB 50, mengine yanapita 100, na ukilipakua kwa simu utakesha siku tatu huku pesa ya kitoweo inayeyuka. Diski unaichomeka, mashine inanakili yenyewe, unacheza bila kuwasha intaneti. Red Dead Redemption 2 nililipata kwa kijana mmoja wa Ujiji. Linakuja na diski mbili, moja ya kupakia data na nyingine ya kuchezea, na lilimeza zaidi ya GB 100 katika zile 400 na kidogo ambazo mashine inakuachia, ikabidi nifute magemu mawili. Lakini hadithi ya Arthur Morgan, yule mhusika mkuu wake, nimeimaliza yote, na farasi wake nimemlilia, bila kununua bando hata la shilingi mia tano. Nilipomaliza nikamrudishia mwenyewe diski zake, naye akaniazima nyingine. Gemu la kupakua huwezi kumwazima jirani, wala huwezi kuliuza siku umebanwa na ada ya mtoto.

Ndiyo maana roho inaniuma nikiona Sony wanakoelekea. PS5 Pro ya Novemba 2024 inakuja bila kisomeo cha diski, unakinunua pembeni. PS5 nyembamba ya 2023 ina kisomeo cha kuchomoa, na ukikifunga mara ya kwanza lazima mashine iingie intaneti ndipo ikikubali. Sisemi PS5 ni mbaya. Nimeicheza kwa rafiki yangu anayekaa Gungu, gemu linafunguka kabla hujakaa vizuri, wakati Slim yangu inanisubirisha dakika nzima na zaidi. Ila ubora huo hautusaidii kama mlango wa diski unafungwa kidogo kidogo.

Umeme nao. Mkoa huu umeishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, kukatika tunakujua. Slim ikicheza inavuta chini ya wati 100, PS5 na gemu zito inafika kama 200. Maana yake UPS ndogo ya kompyuta, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, inaibeba Slim pamoja na televisheni kwa dakika za kutosha kuhifadhi mchezo na kuzima kwa utaratibu. Nilijifunza kwa machungu. Usiku mmoja umeme ulikatika mdogo wangu akiwa katikati ya kuhifadhi. Uliporudi, mashine ikaandika kwamba haikuzimwa ipasavyo, ikakagua, ikagoma kufunguka. Nikashikilia kitufe cha kuwashia mpaka mlio wa pili, kama sekunde saba, nikaunga pedi kwa waya, nikachagua namba 5 kwenye menyu iliyotokea, ile ya kujenga upya kanzidata, yaani orodha ya vilivyomo ndani ya mashine. Nusu saa tumekaa kimya tunaangalia mstari ukijaa. Magemu yalirudi yote, lakini msimu wake wa sita na timu yake ulikuwa umeharibika. Mtoto hakula siku ile. Kesho yake nikaenda kununua UPS.

Jambo jingine ni vumbi. Mwezi wa nane feni ilianza kuvuma mpaka mama akauliza kutoka chumbani ni nini kinanguruma. Fundi alipoifungua, mapezi ya kupozea yalikuwa yamezibwa na utando mwekundu mnene kama kitambaa, na chini ya pawasaplai kulikuwa na mende wawili wakavu. Wanapenda pale kwa sababu pana joto. "Kaka, hii haijafa, imekosa pumzi tu," akaniambia. Akasafisha kwa brashi, akabadilisha ile krimu ya kwenye prosesa, na tangu hapo imetulia. Sasa naifunika kwa kanga ikiwa imezimwa na imepoa, na haikai tena sakafuni.

Akaunti ya PlayStation nitasema kwa kifupi: nilipofungua, sikuiona Tanzania kwenye orodha ya nchi, nikachagua nyingine. Kucheza mtandaoni unalipia PS Plus, huduma ya Sony ya kulipia, isipokuwa magemu ya bure kama eFootball. Mimi sijalipia.

Ukinunua ya mtumba, kagua pedi kuliko kitu chochote. Muuzaji aliniapia kwamba yangu ni nzima. Siku ya kwanza tu mchezaji wangu akawa anatembea mwenyewe kuelekea kushoto. Weka pedi mezani, usiiguse, angalia menyu: alama ikihama yenyewe, kijiti cha kuongozea kimekufa. Zungusha pia waya kwenye tundu la chaji uone kama unalegalega. Kubadilisha kijiti kulinigharimu shilingi 15,000, na hiyo ningeikata kwenye bei kama ningejua.

PS5 nitaitafuta, ila ile ya 2020 yenye kisomeo kilichojengewa ndani, hata kama ni kubwa na inakula umeme mara mbili. Inasoma diski za PS4, na mimi ninazo kumi na nne.