Wavu wa chuma dhidi ya kindi bustanini: uzoefu wangu

Bidhaa ninayoitolea maoni hapa ni wavu wa chuma uliopakwa zinki, wenye matundu ya mraba ya takriban milimita 13 na nyuzi zenye unene wa karibu milimita 1, ambao huuzwa ukiwa umeviringishwa na mnunuzi hukatiwa urefu anaoutaka. Nimeutumia kwa zaidi ya msimu mmoja kulinda matuta ya mboga na vitalu vya miche, na ninaupendekeza kwa mwenye nyumba yeyote ambaye hulima huku kindi wakivuna. Wavu huu hauna maajabu, na ubora wake wote ni kwamba kazi yake haitegemei kindi aogope kitu. Vifaa nilivyonunua kabla yake vilikusudiwa kumtisha au kumuudhi mnyama ambaye ana mchana mzima wa kuchunguza kama tishio ni la kweli, ilhali mwenye bustani ana jioni na siku za mapumziko tu.

Ni vyema kwanza kueleza uharibifu wenyewe, kwa sababu ndio unaoamua ni kifaa gani kitafaa. Kindi hufukua mbegu za mahindi na karanga mara tu zinapofukiwa, kwa kuwa udongo uliotifuliwa karibuni ni laini na harufu ya mbegu bado imo ndani yake. Zaidi ya hayo, aina nyingi za kindi zina desturi ya kuzika akiba yao kidogokidogo, kokwa moja hapa na nyingine pale, katika vishimo vifupi ambavyo baadaye huvipata kwa kumbukumbu na kwa kunusa. Hivyo hata tuta lisilo na mbegu hufukuliwa, safari hii kwa ajili ya kuhifadhi. Nyanya huumwa mara moja zikianza kuiva, kisha huachwa zikining'inia. Wako wanaosema kwamba kindi hutafuta maji tu katika nyanya hizo, nami niliwawekea beseni la maji kwa nia njema kabisa, wakanywa maji na kuendelea na nyanya. Kisha kuna kutafuna. Meno ya mbele ya kindi hukua maisha yake yote, na hayana budi kusagika, ndiyo maana mipira ya kumwagilia, vyungu vya plastiki na mbao za kando ya matuta hupata alama za meno ingawa haviliki.

Kabla ya kununua chochote, mtu ahakikishe kwamba mwizi ni kindi kweli. Ukiacha kindi warukao, ambao hutoka usiku, jamaa hawa ni wanyama wa mchana, na shughuli zao huwa nyingi asubuhi na tena alasiri. Kama tuta lilikuwa zima jioni na likakutwa limefukuliwa kabla ya mapambazuko, mhusika huenda akawa panya au mnyama mwingine wa usiku, na lawama kwa kindi zitakuwa za bure.

Kifaa cha kwanza nilichokinunua kilikuwa kile kinachodaiwa kutoa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu. Sina maneno mengi juu yake. Sauti za aina hiyo hufifia upesi hewani na huzuiwa na kitu chochote kigumu, hata majani yaliyosongamana, kwa hiyo bustani yenye mimea ni mahali pabaya pa kuzitumia. Mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa vya namna hii, ikiwakumbusha kwamba madai yao yanapaswa kuwa na ushahidi wa kisayansi. Ningalijua habari hiyo, fedha yangu ingalibaki mfukoni. Kindi wangu walikigeuza kifaa hicho kuwa kigoda cha kukalia wakati wa kula.

Dawa ya kunyunyizia yenye pilipili ilinipa matumaini zaidi, na kwa haki lazima niseme kwamba msingi wake ni wa kweli. Kapsaisini, kiini kinachofanya pilipili iwake, huwaunguza midomo wanyama wanyonyeshao, kindi akiwa mmoja wao, lakini ndege hawausikii ukali huo. Ndiyo sababu baadhi ya watu huichanganya na punje za kulishia ndege ili kindi wasizile. Tatizo liko kwenye matumizi ya kila siku. Mvua moja huiosha, umwagiliaji huiosha, na majani mapya yanayochipuka hayana dawa, kwa hiyo mtu hujikuta amefungwa katika kazi ya kunyunyizia isiyokwisha. Isitoshe, haisaidii mbegu zilizo chini ya udongo, na upepo ukigeuka, mnyunyiziaji ndiye wa kwanza kulia. Kwa vyungu vichache vilivyo chini ya paa la baraza, hata hivyo, bado ninaitumia na sijutii.

Kinyunyizio cha maji chenye kihisi cha mwendo ndicho kilichokaribia kunishawishi. Kihisi chake hutambua kitu chenye joto kinachosogea mbele yake, kisha hufungua maji kwa sekunde chache kwa kishindo. Kindi waliruka na kutoweka, na kwa kipindi fulani bustani ilikuwa na utulivu ambao sikuwa nimeuzoea. Baadaye walitambua mpaka wa eneo linalofikiwa na maji, wakawa wanapita pembeni yake kwa adabu. Kifaa hicho pia hakibagui: hulowesha kindi, paka wa jirani, mgeni aliyevaa nadhifu na mwenye nyumba anayekwenda kuchuma mboga. Siku za jua kali, matawi yaliyopata joto na kutikiswa na upepo yalitosha kukiwasha, na maji yakamwagika bila sababu.

Mitego na sumu sikuvitumia, wala simshauri mtu. Sumu huweza kumfikia mbwa, paka au bundi anayekula mzoga, mitego inahitaji kukaguliwa mara kwa mara ili mnyama asiteseke, na katika nchi nyingi kumkamata au kumhamisha mnyama wa porini bila kibali ni kosa. Hata pale inaporuhusiwa, eneo lililoachwa wazi lenye chakula kingi halikawii kupata kindi wengine.

Sasa nirudi kwenye wavu. Ukubwa wa matundu una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wavu wa kuku, ule wenye matundu ya pembe sita, ni rahisi kupatikana, lakini nyuzi zake ni nyembamba na hupindika, na matundu yake makubwa humruhusu kindi mdogo kupenya au mkubwa kuingiza mkono hadi kwenye mbegu. Wavu wa plastiki hukatwa kwa meno kama karatasi. Wavu wa matundu ya milimita 13 hauachi nafasi ya kupitisha kichwa, na chuma chake ni kigumu kiasi kwamba hata pale nilipoona alama za kujaribu kuutafuna, hapakuwa na uzi uliokatika.

Kwa mbegu, njia ninayoitumia ni kuulaza wavu juu ya udongo mara tu baada ya kupanda, kuukandamiza kwa mawe pembezoni, na kufukia kingo zake kidogo. Miche ya karoti na vitunguu hupita kwenye matundu bila shida, na wavu unaweza kubaki mahali pake kwa muda mrefu. Mahindi na maboga ni jambo jingine: shina lake hunenepa, na wavu usipoondolewa mapema utaikaba mimea na kuijeruhi wakati wa kuuvuta. Mimi huuondoa majani machache ya mwanzo yanapokwisha kufunguka, wakati ambapo mbegu iliyo ardhini imekwisha kutumika na kindi hana tena cha kufukua.

Nyanya zinahitaji kizimba kamili chenye pande zote na paa, kwa sababu kindi ni hodari wa kupanda na ukuta usio na paa kwake ni ngazi. Nilitengeneza fremu za mbao, nikapigilia wavu kwa misumari yenye umbo la U, na upande mmoja nikaweka bawaba ili ufunguke kama mlango. Pale ambapo kindi wa ardhini, wale wachimbao mashimo, wapo, wavu uzikwe karibu sentimita 30 na sehemu ya chini ikunjwe kuelekea nje, ili anayechimba akutane nao tena. Nyuki wa asali hupita matundu haya, ila wadudu wakubwa zaidi husita, na kwa maua ya maboga yaliyo ndani ya kizimba nililazimika kuchavusha kwa mkono, kazi ya asubuhi ambayo haichukui muda mrefu lakini haiwezi kusahauliwa.

Wavu haukufaa kwa mti wa matunda. Kuufunika mti mzima ni mzigo, na matawi hukua yakauinua. Kwa mti nilitumia bati laini lenye upana wa sentimita 60, nililolizungusha shinani likianzia karibu mita 1.8 kutoka ardhini na kulifunga kwa springi ili litanuke kadiri shina linavyonenepa. Linafanya kazi kwa mti uliojitenga tu. Kindi huweza kuruka zaidi ya mita 2 kutoka tawi hadi tawi, kwa hiyo tawi la mti wa jirani au ukingo wa paa ulio karibu hulifanya bati kuwa pambo. Nilipunguza matawi mawili kwanza, ndipo nikaona tofauti.

Kasoro za wavu wenyewe zipo. Ncha za nyuzi zilizokatwa ni kali mno, na bila glavu nene mikono itachanika. Nimejifunza kuzikunja kwa koleo kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Ukiukata kwa mkasi wa kawaida utauharibu mkasi, hivyo uandae mkasi wa kukatia bati. Ukiviringuliwa hujikunja tena kama mtoto asiyetaka kulala, na ni vizuri kuwa na msaidizi wa kukanyaga upande wa pili. Pia kizimba humfanya mwenye bustani afikirie mara mbili kabla ya kwenda kung'oa gugu moja, na magugu huifahamu fursa hiyo.

Jambo la kuuliza dukani ni kama zinki ilipakwa baada ya nyuzi kuunganishwa au kabla. Ikipakwa baada, maungio nayo hufunikwa na wavu hudumu zaidi. Ikipakwa kabla, kutu huanzia kwenye maungio. Kipande changu cha kwanza ni cha aina ya pili, na upande uliolala juu ya udongo wenye unyevu umeanza kuwa wa kahawia, ingawa bado ni imara. Naupa wavu huu nyota 4 kati ya 5. Nyota niliyoizuia ni kwa ajili ya lebo yake, ambayo inataja urefu, upana na picha ya sungura mwenye huzuni, lakini haisemi neno lolote kuhusu zinki.